Grace Hopper: Mama aliyeifunza kompyuta kuunganisha kazi za wengi

KAMA unasomea kompyuta pale DeKUT Nyeri, ama uko Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka au Meru, kuna siku utagonga ukuta huu. Umeandika programu yako ya C++ vizuri, hata nukta-mkato hujasahau. Kisha unaongeza maktaba moja ya nje, ile mhadhiri aliyosema muitumie, unaanza kukompaili, na skrini inajaa malalamiko. Laptopu ni yako, msimbo umeuandika wewe, lakini kompyuta inakusuta kuhusu majina ambayo hata hukuyatunga.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba C++ ina wenyewe. Wengine huchukua msimbo wa rafiki, wakabadilisha jina juu, wakapata alama, mambo yakaisha. Kabla hujafika huko, hebu usome maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1992. Shida inayokutoa jasho leo ndiyo iliyomsumbua yeye katika miaka ya 1940, na jibu alilolipata bado linafanya kazi ndani ya laptopu yako kila ukikompaili.

Alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 9, 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 3. Akiwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, basi akaifungua. Vyuma vikamwagika, kuvirudisha kukamshinda. Akafungua ya pili ili aone vyuma vya ile ya kwanza vilikuwa vimekaaje. Mama yake alipogundua, saa 7 za nyumba hiyo zilikuwa zimefunguliwa. Tangu siku hiyo aliruhusiwa kuchezea saa moja tu.

Usidhani kila mlango ulimfungukia. Chuo cha Vassar kilimkataa mara ya kwanza kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa chini. Alirudi mwaka uliofuata akakubaliwa. Kwa hivyo kama KUCCPS haikukupa kozi uliyoiweka ya kwanza, hauko peke yako duniani. Mwaka wa 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia, akaenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1930 na ya uzamifu mwaka wa 1934. Wakati huo alikuwa tayari anafundisha hisabati Vassar. Mwaka wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper. Walitalikiana mwaka wa 1945 bila kupata mtoto, lakini jina la Hopper alibaki nalo.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika Marekani, Grace alitaka kuingia jeshi la majini. Wakamwambia umri umepita na tena ni mwembamba mno. Kilo zake zilipungua karibu 7 chini ya kiwango kilichotakiwa. Akaomba kibali maalum, akakipata, na mwishoni mwa 1943 akajiunga na kikosi cha akiba. Mafunzo aliyamaliza mwaka wa 1944 akiwa nambari moja katika darasa lake, akiwa na miaka 37. Wenzake wengi walikuwa wadogo kwake sana.

Jeshi likampeleka Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Sahau laptopu. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4. Kwa sekunde moja iliweza kujumlisha mara 3 hivi, na kuzidisha namba mbili kuliichukua kama sekunde 6. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu baada ya tundu. Hopper ndiye aliyeandika kitabu cha maelekezo ya mashine hiyo, kurasa 561.

Sasa hapa ndipo hadithi yake inapokutana na yako. Hesabu nyingi zilizofanywa pale zilikuwa na vipande vinavyojirudia. Leo unahitaji kutafuta saini ya pembe, kesho kipeuo cha pili, keshokutwa saini tena. Hakuna aliyetaka kuandika kipande hicho upya kila mara. Basi kila mtu alikuwa na daftari la vipande vilivyokwisha kujaribiwa vikafanya kazi. Ukihitaji kimoja, unaazima daftari la mwenzako na kunakili kwa mkono.

Hapo taabu ikaanza. Kipande kiliandikwa kikiwa na nafasi zake ndani ya mashine, tuseme kinaanzia nafasi ya 0. Ukikipachika katikati ya programu yako kianzie nafasi ya 300, lazima uongeze 300 kwenye kila namba ya nafasi iliyotajwa ndani yake. Kwa mkono, usiku, ukiwa umechoka. Hopper aliona jambo ambalo huenda hata wewe umelishuhudia kwa wenzako. Watu wenye akili nyingi sana huharibu kazi rahisi ya kunakili, na kujumlisha kidogo kidogo huwashinda. Wanaandika 4 mahali pa 9, herufi B inageuka kuwa 13. Na mbele yao imekaa mashine ambayo kazi yake hasa ni kunakili na kujumlisha bila kuchoka.

Huko Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walikuwa wakipambana na shida hiyo hiyo. Waliweka vipande vya kompyuta yao ya EDSAC katika maktaba ya tepe za karatasi, na mwaka wa 1951 wakachapisha kitabu kuhusu namna ya kuandika programu kwa kutumia maktaba hiyo. Neno maktaba unalolitumia leo katika programu lina mizizi katika kabati halisi lenye droo na tepe.

Pengine jina la Hopper umelisikia kwa sababu ya ule mdudu. Mnamo Septemba 9, 1947, nondo alikutwa amenaswa ndani ya mashine ya Mark II, akabandikwa kwenye daftari la kumbukumbu. Daftari lenyewe lipo mpaka leo katika makumbusho ya Smithsonian. Lakini usidanganywe kwamba Hopper ndiye aliyembamba mdudu huyo, wala kwamba neno la mdudu kwa maana ya hitilafu lilianzia hapo. Mafundi walilitumia miaka mingi kabla yake. Yeye alikisimulia kisa hicho mara nyingi hadi watu wakadhani ni chake.

Mwaka wa 1949 aliondoka Harvard akaenda Philadelphia, katika kampuni ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Haikuwa miaka rahisi. Ndoa ilikuwa imevunjika, ajira ya kudumu Harvard hakuipata, na pombe ikawa imemshika. Marafiki hawakumwacha azame. Ninalitaja hili kwa sababu wengi wetu huku Mlima Kenya tunamjua kijana hodari aliyemezwa na chupa, na huwa tunamzungumzia kama mtu aliyekwisha. Hopper hakuwa amekwisha. Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa bado mbele.

Kati ya 1951 na 1952 aliandika programu iliyoitwa A-0. Aliviweka vipande vyote vilivyojaribiwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja kikapewa nambari yake ya kuitia. Wewe uliandika orodha fupi tu: leta kipande fulani, kipe namba hizi, kisha leta kingine. Kompyuta yenyewe ilikwenda kwenye utepe, ikakichukua kila kipande, ikakipangia nafasi, ikarekebisha namba zote za ndani, na mwisho ikakutolea programu nzima iliyo tayari kuendeshwa. Kwa kuwa kazi ilikuwa kukusanya vipande kutoka maktabani na kuvipanga pamoja, mashine hiyo ya maneno aliiita kompaila. Kwa lugha ya leo, A-0 ilifanana zaidi na kile tunachokiita kiunganishi, ile hatua ya mwisho inayokupigia kelele.

Mwezi wa Mei 1952 aliwasilisha wazo hilo mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Wengi hawakumwamini. Walishikilia kwamba kompyuta inafanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Yeye alikuwa na kitu kinachofanya kazi, na kwa muda hakuna aliyetaka kukigusa.

Hakunyamaza. Mwaka wa 1953 likaja toleo la A-2, na wateja wa UNIVAC walipewa pamoja na msimbo wake, wakaombwa wakiliboresha warudishe maboresho hayo. Huo ni utaratibu ambao leo unauona kwenye programu huria unazopakua bure. Kwetu tungeuita harambee. DeKUT yenyewe, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2012, ilianza kama taasisi ya ufundi iliyotokana na harambee ya wananchi katika miaka ya 1970. Kila mtu alileta alichonacho, na leo wewe unakaa darasani.

Turudi kwa laptopu yako. Fikiria unajenga nyumba kule King'ong'o. Fundi wa mawe hatengenezi madirisha. Yanatoka kwa fundi wa chuma wa jua kali. Kinachomwezesha fundi wa mawe kuendelea ni vipimo, kwa sababu anaacha nafasi kwenye ukuta kulingana navyo. Dirisha lenyewe litaletwa baadaye, na mtu mwingine atalipachika. Maktaba ya nje ni hivyo hivyo. Kuna faili ya vipimo, ambayo jina lake huishia kwa .h au .hpp, na kuna maktaba yenyewe ambayo tayari imekompailiwa. Kompaila ndiye fundi wa mawe. Kiunganishi ndiye anayepachika madirisha.

Ukielewa hivyo, malalamiko kwenye skrini yanagawanyika mara tatu, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza, kompaila inasema faili ya vipimo haipatikani. Tuseme unaandika programu ya kuhesabu pundamilia kwenye picha ukitumia maktaba ya OpenCV. Kwenye Ubuntu, kuwa na maktaba ya kuendeshea programu hakutoshi. Unahitaji kifurushi cha wanaojenga programu, ambacho jina lake huishia na -dev. Hapa ni libopencv-dev, na unakipata kwa amri ya sudo apt install.

Pili, kompaila imeridhika lakini mwishoni unaona maneno undefined reference. Maana yake vipimo vilikuwepo, nafasi ukutani ikaachwa, ila dirisha halikuletwa. Msimbo wako huenda hauna kosa lolote. Hujamwambia kiunganishi achukue maktaba gani, au iko wapi. Usikimbilie kufuta kazi yako.

Tatu, programu imejengwa vizuri, unaibeba kwa flashi hadi kompyuta ya rafiki, inakataa kuanza. Maktaba nyingi hazimezwi ndani ya programu, huitwa wakati inapoanza. Kama mashine ya rafiki haina maktaba hiyo, au ina toleo tofauti, programu haitaamka.

Sasa kuandika amri ndefu ya kukompaili kila mara, ukitaja njia ya kila faili na kila maktaba, ni kurudi kwenye daftari za Harvard. Ndiyo maana kuna mifumo ya kujenga programu. Mwaka wa 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs aliandika make, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa amekwisha kulirekebisha. Faili tu haikuwa imekompailiwa upya. Tangu hapo make huangalia ni faili gani imebadilika na kujenga hiyo pekee. Mwaka wa 2000 ikaja CMake, inayokwenda hatua zaidi na kukutafutia maktaba zilipo, uwe uko Linux, Windows au Mac.

Unaandika faili moja iitwayo CMakeLists.txt. Ndani yake, agizo la find_package linatafuta OpenCV, add_executable linataja programu yako na faili zake, na target_link_libraries linasema dirisha lipi lipachikwe kwenye ukuta upi. Kisha amri mbili tu: cmake -S . -B build, halafu cmake --build build. Usiandike njia kama ile inayoanzia kwenye folda ya jina lako, kwa sababu folda hiyo haipo kwa mtu mwingine. Na kama umebadilisha maktaba na mambo yakachanganyikana, futa folda ya build peke yake uanze tena. Msimbo wako uko nje yake, salama.

Hopper hakuishia kwenye vipande vya hesabu. Aliona watu wa biashara wakiogopa alama za hisabati, akataka waiandikie kompyuta kwa maneno ya kawaida. Hapo ikazaliwa FLOW-MATIC. Alipotaka kuwaonyesha wakubwa kwamba mashine haijali lugha gani imetumika, aliwaandalia programu ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa wakashtuka, wakaona haiwezekani kompyuta iliyoundwa Marekani ielewe lugha za wageni. Ilhali kwa mashine, maneno yote ni alama za kulinganishwa tu. Kiswahili kingeingia vile vile. Kuanzia mwaka wa 1959 kamati ya wataalamu ilitunga lugha ya COBOL, Hopper akiwa mshauri, na FLOW-MATIC ikawa mhimili wake mkubwa. Kwa miaka mingi iliyofuata, COBOL ilibeba hesabu za mabenki na serikali.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Mwaka uliofuata likamwita arudi kwa miezi 6 tu, asaidie kuleta mpangilio katika COBOL zilizokuwa zimeanza kutofautiana. Hiyo miezi 6 ikageuka kuwa karibu miaka 20. Alipanda cheo hadi admirali wa ngazi ya chini, akastaafu kabisa mnamo Agosti 1986 akiwa na miaka 79. Akaajiriwa tena, safari hii na kampuni ya Digital.

Miaka hiyo ya mwisho alizunguka akihutubia vijana. Alibeba vipande vya waya vya kama sentimita 30 na kuwagawia wasikilizaji. Huo ndio umbali wa mbali kabisa ambao umeme unaweza kusafiri kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukishika waya mkononi, unaelewa mara moja kwa nini kompyuta zimeendelea kuwa ndogo. Ukutani ofisini kwake alikuwa na saa inayozunguka kinyume, ili wageni wakumbuke kwamba mazoea si sheria.

Alifariki Januari 1, 1992 akiwa na miaka 85, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Meli ya kivita ilipewa jina lake, na mwaka wa 2016 akatunukiwa nishani ya juu ya raia wa Marekani, miaka 24 baada ya kuzikwa.

Wewe uko wapi katika haya yote? Juni 2015, Nyeri ilikuwa mwenyeji wa warsha ya kwanza ya Data Science Africa, pale pale DeKUT. Watafiti wa chuo hicho wameweka kamera ndani ya hifadhi yake ya wanyamapori, wakakusanya picha za pundamilia, swala na ngiri, wakaziweka wazi kwa yeyote anayetaka kuzitumia. Hiyo ni maktaba iliyo mlangoni pako. Huhitaji ruhusa ya mtu New York kuandika programu inayosoma picha hizo.

Ila ukiiandika, usiishie kuiendesha kwenye mashine yako na kupiga picha ya skrini. Iweke mtandaoni pamoja na CMakeLists.txt yake na mistari mitatu ya maelekezo. Kisha mtumie rafiki aliye Chuka au Nanyuki, mwenye laptopu tofauti na bando dogo, umwombe aijenge bila kukupigia simu. Akikwama, andika alipokwamia, rekebisha, mtumie tena. Akifaulu kwa amri zile mbili, basi kipande chako kimetoka daftarini, na mtu usiyemjua anaweza kukipachika kwenye nyumba yake.